Kwa Baba, Fundi Makochi Aliyemtwangia Mama Tangawizi

Mwaka umegeuka, Baba, tangu ututoke, na bado kuna asubuhi tunaamka tukitega sikio tusikie mchi wako ukigonga kinu jikoni. Kisha tunakumbuka. Uliondoka mchana wa kazi, misumari midogo ikiwa mdomoni kama ilivyokuwa desturi yako, na gundi ya kiti cha mteja ikiwa bado mbichi. Presha haikukupa nafasi ya kumuaga mtu. Tulipofika hospitali ulikuwa umeshafunikwa shuka. Mama hakulia pale pale. Alimuuliza nesi kama ulikuwa umekunywa chai.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii wamekalia kazi yako. Ulikuwa fundi makochi, na mtu akikuita fundi seremala ulimsahihisha kwa upole lakini ulimsahihisha. Hukuweza kuingia nyumba ya watu bila kubonyeza mto wa kiti kwa kidole gumba ukidhani hakuna aliyekuona. Hata msibani uliwahi kukipindua kiti cha mwenye nyumba kutazama mikanda yake kwa chini, Shangazi akatamani ardhi ipasuke immeze. Ulimwambia kwamba marehemu mwenyewe angekushukuru.

Na hukumkabidhi mteja kochi kwa kumwonyesha tu. Ulimkalisha, ukampa kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, ukaanza kumpigia soga. Akibaki amekaa kwenye ncha ya kiti, macho yake kwenye kikombe, ulijua springi zimekaa vibaya, na ulirudia kazi bila ubishi. Akiegemea, akaanza kusimulia visa vya mashemeji zake huku kikombe kinainama mwenyewe hana habari, ulimkonyeza Sindano kwamba kazi imekwisha. Sindano ni mwenzako wa karakana, na afadhali tumtaje mapema asije akanuna. Ulimbandika jina hilo kwa wembamba wake, na sasa hata mkewe anamwita hivyo.

Kwa ajili ya kazi hiyo uliweka rafu nzima ya makopo ya chai juu ya cherehani. Mchaichai ulimpa mteja mwenye haraka, ukisema ni chai inayomkalisha mtu bila kumwambia kaa. Mdalasini ulikuwa wa mume na mke waliofika wamenuniana kwa sababu ya rangi ya kitambaa. Wazee waliolalamika magoti waliwekewa maziwa na iliki, vikachemshwa pamoja taratibu mpaka karakana nzima ikanukia. Wasemaji wakubwa walipata chai ya rangi, nyepesi, maana kwa maoni yako maziwa yangewaongezea nguvu. Uliipenda chai, Baba. Ulipenda kuifunua birika na kuinamia mvuke wake huku umefumba macho, na aliyekusemesha wakati huo hukumsikia hata kidogo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Sisi watoto tulikunywa chai ya maziwa, na wewe na Mama mlikuwa na chai yenu, ya tangawizi, nyeusi, kali ya kutoa machozi. Tukiwa wadogo tuliiita chai ya adhabu. Asili yake tulisimuliwa mpaka tukaikariri. Mama alipoingia nyumbani kwako, bibi harusi mpya, alikuwa na mafua. Ukatwanga kipande kizima cha tangawizi, ukamchemshia, ukamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Akanywa, akakwambia tangu azaliwe hajawahi kunywa chai tamu kama hiyo. Basi, hukukosa tena kuitwanga, na hukumwacha ainywe peke yake. Mlikaa mezani kila asubuhi, kila mtu na kikombe chake, mkipuliza na kunong'ona mambo yenu. Hata siku mliyogombana chai ilitwangwa, tena kwa kishindo cha kuamsha mtaa.

Sasa tukupe habari za Mama, kwa sababu mwaka huu umekuwa wake zaidi kuliko wetu.

Ulipoondoka, mchi aliushika yeye. Asubuhi ya kwanza baada ya wageni kutawanyika, kitindamimba wako alisikia kinu kinagongwa akatoka chumbani mbio bila viatu, usingizi ukimdanganya kwamba ni wewe. Akamkuta Mama amesimama, tangawizi imetapakaa meza nzima. Alikuwa hajawahi kuitwanga hata siku moja. "Rudi ukalale," Mama alimwambia. "Naandaa chai ya baba yako."

Ikawa ndiyo asubuhi yake. Anatwanga, anachemsha, anakaa upande wake wa meza, anakunywa yote. Sisi tulifurahi kuona ana kitu cha kushika. Lakini miezi ikienda, Mama akaanza kukonda. Akimaliza kikombe anashika tumbo na kugeukia dirishani, akidhani hatumwoni. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo, akamkataza pilipili, ndimu, na hasa hasa tangawizi. Unamjua Mama, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, amezoea kukataza na si kukatazwa. Alimwitikia daktari vizuri mno. "Nimekusikia, mwanangu." Kesho yake mchi ukagonga kama kawaida.

Tulificha kinu, akaponda kwa chupa. Tulificha chupa, akaparuza tangawizi kwa kisu cha kumenyea. Kitindamimba akafanya ujanja, akajitolea kumpikia yeye, akaweka kijipande kisichofika ukubwa wa harage. Mama akaonja, akamrudishia kikombe mkononi. "Haya maji ya kunawa umempikia nani?"

Tukamwita Shangazi, maana dada yako hashindwi na mtu kwa maneno. Alifika, akavua viatu, akaingia moja kwa moja jikoni.

"Wifi, unataka kumfuata kaka yangu?"

"Nataka kunywa chai."

"Hiyo si chai, hiyo ni kisu."

"Ni yake," Mama alisema. "Nguo zake mmegawa. Kitanda kimekuwa kikubwa, najigeuza mpaka nachoka. Karakana siwezi kuingia. Nimebakiwa na hiki kikombe, wifi, tulichokuwa tunakunywa pamoja. Na hiki nacho mnakitaka?"

Shangazi akavaa viatu vyake akarudi kwake. Na wewe unajua, Baba, kushindwa kwa maneno si kazi yake.

Kuna siku Mama alitapika damu. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa, akatundikiwa dripu. Daktari alituita pembeni akatuambia bila kuzunguka kwamba akiendelea hivi tutampoteza. Hatujui kama huko uliko mtu anaweza kuona hofu ya watoto wake. Tulikuwa hatujamaliza kukulilia wewe, na sasa tulikuwa tumesimama kwenye korido ileile, kando ya benchi lilelile la bati, tukiogopa kuzika mara ya pili. Mama alipozinduka vizuri alimwomba muuguzi tangawizi.

Tulimrudisha nyumbani, na kisu cha kumenyea kikaendelea kuparuza tangawizi. Kochi lake la sebuleni, lile ulilomtengenezea mwenyewe, lilikuwa limebonyea, springi moja imechomoza inamchoma mgongo. Alikataa lisiguswe na fundi yeyote isipokuwa Sindano. Sindano akaja akalibeba. Lilipokuwa tayari hakulileta. Alituma ujumbe tu: "Mwambieni shemeji kochi halitoki hapa mpaka alijaribu mwenyewe. Mzee hakuruhusu, na mimi siwezi kuvunja utaratibu wake."

Mama alizunguka na hilo siku kadhaa. Mwishowe alivaa vizuri, akatuambia twende, upesi, kabla hajabadili mawazo.

Alikuwa hajakanyaga karakana tangu siku ile. Mlangoni alisimama kwanza, ameshika fremu. Harufu ikampokea: gundi, mbao, sponji mpya, na kwa juu yake kitu baridi, kitamu, alichohisi anakijua kutoka mahali fulani, labda kwenye shati lako la kazi, lakini jina lake likamponyoka. Kochi lilikuwa katikati ya sakafu, limefutwa vumbi. Alikaa kwenye ncha, mkoba mapajani, kama aliyekuja kuomba kazi.

"Karibu sana, shemeji," Sindano alisema. "Nikupe chai gani?"

"Ya tangawizi."

Sisi tulitazamana. Sindano akakuna kichwa. "Hapo umenishinda. Tangawizi humu ndani haipo."

"Imekwisha?"

"Haijawahi kuingia. Mzee alikuwa hataki hata kuinusa."

"Mzee yupi?"

"Mzee wetu, shemeji. Yupi tena?"

Mama akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kumsamehe mtoto aliyeruka namba. "Sindano, mimi nimekunywa naye tangawizi kila asubuhi tangu wewe hujaoa."

"Najua. Si ndiyo maana akifika hapa kazi ya kwanza ni birika. Anaweka nanaa, kikombe kizima, apoze koo. Aliipenda nanaa yule, acha kabisa. Nikamwambia, mzee, si umwambie tu mkeo kwamba ile kitu huiwezi? Akanijia juu. 'Nimwondolee starehe yake kwa ajili ya koo langu? Ndiyo chai anayoipenda kuliko zote. Acha koo liungue.'"

Hapo ndipo Sindano alipoona uso wa Mama, akajua ameropoka. Akajitia kushughulika na birika, akammiminia kilichokuwepo, ambacho ni nanaa, na kwa mazoea akakijaza hadi ukingoni.

Mama alikipokea. Akaegemea. Kikombe kikaanza kuinama taratibu, chai ikamwagikia sketi, na wala hakuona.

"Siipendi," alisema.

"Nikubadilishie?"

"Tangawizi. Siipendi. Sijawahi kuipenda."

Tulikuwa hatujui tushike lipi.

"Nilikuwa mgeni nyumbani kwake," Mama aliendelea, akimwambia nani hatujui. "Mwanamume ameamka, ametwanga kwa mikono yake, ananitazama ninywe. Nimwambie inaniunguza? Nikasifu. Kesho akatwanga tena. Nikasema nitamwambia akishanizoea. Akanizoea, nikaona haya, sasa nitaanzaje? Akitoka tu kwenda kazini, mimi huyo kwenye maziwa baridi, kijiko baada ya kijiko."

Baba, tulidhani tutacheka. Kitindamimba alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja. Lakini Mama alianza kulia, na alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hospitali wala makaburini. Tulimzunguka tukakosa pa kumshika.

"Nimeishi na nani mimi?" alikuwa akiuliza. "Wateja wanajua alichopenda kunywa. Kila aliyekuja kuwambiwa stuli anajua. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja, sijui!"

Sindano alijitupa mbele yake, magoti yakagonga sakafu. "Shemeji, nisikilize. Hapa alikunywa nanaa, ndiyo. Lakini stori zilikuwa zako. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kakataa vile, mwalimu leo kaamka vibaya tutembee kwa adabu. Mpaka siku uliyong'oa jino, mimi hapa nilijua ni la juu au la chini. Mimi nimekuwa nakujua kuliko ninavyomjua mama mkwe wangu."

Mama akafuta pua. "Lilikuwa la juu," alisema, na akalia tena.

Jioni Shangazi alikuja. Mama alimngoja akae, akamwambia kwa sauti ya kushtaki: "Wifi, kaka yako alikuwa mwongo." Akamsimulia yote. Shangazi akauliza, "Na wewe je?" Mama akasema, "Mimi nilikuwa na adabu." Shangazi alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani, kicheko kikamshika Mama naye, wakawa wanapigana mabega kama wasichana. Halafu kicheko kikawageuka katikati, wakashikana, na sisi tukatoka tukawaachia sebule.

Kesho yake hakutwanga wala kuparuza kitu. Kimya cha jikoni kilitutisha kuliko ugonjwa. Tulimkuta Mama mezani na kikombe kitupu mbele yake.

"Sijui ninywe nini," alituambia. "Nyie mnapenda nini? Mimi sijawahi kuchagua."

Sindano akayaleta makopo yako yote nyumbani, ameyafunga kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, na Mama akaanza kuonja, moja kwa siku, kwa umakini ule aliokuwa akisahihishia michoro ya wanafunzi wake. Mchaichai aliusifu, akasema unanukia kama uani palipotoka kumwagiwa maji, unafaa mchana. Mdalasini ulimletea usingizi, akaupeleka jioni. Maziwa yenye iliki alikunywa vikombe viwili na kudai cha pili alikuwa anahakikisha. Yale majani ya kijani uliyoletewa zawadi na mteja alionja akasema hii ni dawa ya mifugo, akamsogezea Shangazi, ambaye sasa haachi.

Yake ilikuwa ya mwisho. Chai ya rangi, majani kidogo tu, maji yabadilike rangi na kuishia hapo, sukari nusu kijiko, halafu iachwe ipoe mpaka isiunguze mdomo. Chai ya bila kazi yoyote. Alikunywa, akafumba macho, akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. Na baada ya muda: "Angelala. Asubuhi zote zile, na ile baridi yote, angebaki amelala. Hii ningejipikia mwenyewe, nikamletea na yake."

Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, Baba, wala hatukufichi. Tumbo linapona, uso umejaa kidogo, daktari amefurahi. Lakini nanaa ya kwenye kopo lako hajainywa. Hulifungua kopo, akanusa, akalifunga. Tumemwona akifanya hivyo akiwa anapita tu jikoni na ufagio mkononi, kama anayemchungulia mtu aliyelala. Anasema atainywa siku akiweza kuinywa bila kukuonea wivu, maana uliinywa bila yeye.

Nasi tumekukosa kwa mengine mengi. Mlango wa bafu unang'ang'ana na hakuna wa kuutukana. Mjukuu wako amejifunza kubonyeza mito ya viti kwa kidole gumba, hatujui ameona wapi, maana ulimwacha akitambaa. Tukimtazama tunacheka, kisha tunamwekea mto mwingine.

Tunaokukumbuka ni sisi wanao na kitindamimba wako, wakwe zako, mjukuu wako, dada yako, na Sindano ambaye kwetu ni ndugu. Siku zote tutakazoishi, hutatutoka moyoni.

Na mkeo, tulipomsomea maneno haya, alisikiliza hadi mwisho, akasema yamefaa, ila anataka neno la mwisho liwe lake. Tumeliandika kama alivyolitamka:

"Baba watoto, mimi ninaendelea vizuri. Chai yangu nimeipata, na ni tamu. Yako pia sasa naijua. Lakini ungerudi kesho asubuhi, ukaushika ule mchi, nisingekwambia lolote kati ya haya. Ningekaa upande wangu wa meza nikanywa yote, na ungeniuliza imekaaje, ningekudanganya tena."